Sarafu za Daraja

Jua lilikuwa linazama fundi alipotoka nyumbani na kopo la sarafu kwapani, amejaa hasira. Fundi nguo asiye na cherehani! Mumewe alikuwa ameiuza bila hata kumwambia, na hela yote akanunulia sarafu za kumbukumbu ya daraja jipya, zile zile ambazo kila mwenye duka alizitoa kama chenji.

"Ni uwekezaji, mke wangu," alisema huku akizifungia moja moja kwenye plastiki. "Zisiguswe tu. Zitapanda."

Zipande ziende wapi? Wateja wameshahamia kwa fundi wa mtaa wa pili. Leo anaziuza, cherehani inarudi, na huyo bwana akitaka kununa anune.

Mnunuzi wa sarafu, mzee mwenye glavu nyeupe, alikuwa peke yake dukani. Alizitazama kwa lenzi, akacheka.

"Nani kakudanganya, dada? Hizi zimetengenezwa kwa mamilioni. Thamani yake ndiyo hiyo hiyo iliyoandikwa. Kanunulie mkate."

Fundi alitamani kuipindua meza. Lakini mzee alikuwa bado anazipekua. Akaishika moja, akaisogeza kwenye taa.

"Hii... hii ina mtu."

Sarafu nyingine zote zilikuwa na daraja tupu. Kwenye hii, mtu alisimama katikati.

"Kosa la mtambo," mzee akanong'ona. "Makosa ndiyo watu wanayoyatafuta. Kwa hii moja tu nakupa bei ya cherehani mpya, na chenji juu."

Akaipasua plastiki.

Harufu ikawapiga. Saruji mbichi.

Fundi akainamia lenzi. Mtu yule alisimama kwa mguu mmoja, unyayo wa pili ameuegemeza gotini. Alimjua mtu mmoja tu mwenye mkao huo: mdogo wake, waliyemwita Korongo kwa sababu hiyo hiyo. Alikuwa kibarua kwenye daraja lile. Msimamizi wa zamu alikuwa mumewe, na mumewe ndiye aliyeleta habari kwamba Korongo ametoroka na mishahara ya wenzake. Dada mtu akaamini. Na amekuwa akimtukana mdogo wake mpaka leo.

Akatazama tena.

Korongo alikuwa amesogea. Mdomo wazi...

"Haya, chukua chako," mzee akasema. Bunda la noti likatua mezani. Cherehani yenyewe ilikuwa pale, ni kunyoosha mkono tu.

"Siuzi."

"Dada, usijiharibie..."

"Nimesema siuzi! Huyo ni ndugu yangu!"

Akainyakua sarafu ile isiyo na plastiki, akatoka nayo kiganjani. Ilikuwa ya baridi, na ilikuwa inatoa maji.

Nyuma yake, barabarani, kitu kizito kilikuwa kinatembea.

Puu... puu...

Mwingine angekimbia. Yeye hasira zilikuwa zimeula woga wote.

Nyumbani, mumewe alikuwa anakula. Alipoiona sarafu imetua mezani, kijiko kikamtoka.

"Umeitoa kwenye plastiki?"

Hapo mkewe akajua kwa nini mtu huyu hakutaka ziguswe.

"Korongo yuko wapi?"

 Mume hakuwa akimtazama mkewe. Alikuwa anautazama mlango, nyuma ya mkewe.

"Shemeji," akanong'ona. "Ulipoanguka, zege lilikuwa limeshaanza kumwagwa. Ningesimamishaje kazi? Na mimi... sikuwa na hakika kama ulikuwa bado unapumua."

Mkewe hakugeuka. Alivuta kiti, akakielekeza mlangoni.

"Kaa, mdogo wangu. Leo atakueleza vizuri."

Kiti kikalia kwa uzito. Maji ya kijivu yakaanza kutambaa sakafuni, yakielekea miguuni mwa mumewe.