Pikapu Nzito

Rafiki yangu seremala alikuwa akiijaribu pikapu kuukuu mlimani, akimlaani dalali aliyetaka kumuuzia. "Silinda nne, inapanda kama swala!" dalali alikuwa amemwapia. Swala gani huyu! Nyuma hakupakia hata msumari, gia ya kwanza, na bado injini inahema.

Kwenye kona kali, ndani ya ukungu mzito, paa liligongwa mara moja, ngo, kama abiria wa nyuma anayetaka kuteremka. Akakanyaga breki.

"Kumbe umedandia! Shuka, mshenzi wee!"

Springi zikalia, bodi ikainuka taratibu. Akageuka kutazama. Hakukuwa na mtu.

Kutoka hapo gari lilipanda kama swala.

Wakati wa kurudi, akipunguza mwendo kwenye kona ileile, bodi ikadidimia. Paa likagongwa mara mbili: twende.