Zamu ya Kukesha

Mzee wa kitanda cha pembeni alikuwa akikohoa, lakini kikohozi kilisikika chini ya kitanda. Daktari kijana aliyepewa kumhudumia, ambaye wenzake walimwita Chapuchapu, aliinama akachungulia. Hakuona kitu ila kandambili. Palinuka nywele zilizoungua.

Mwalimu wao, daktari bingwa wa wazee, mama asiyependa kurudia neno, alikuwa amewafundisha asubuhi ile kwamba mzee akianza kuweweseka ghafla, wasiseme ni uzee. Wampime homa, wampe maji, wamshike tumbo waone kama mkojo umeziba. Sindano ya usingizi iwe ya mwisho kabisa.

Mke wa mzee alikuwa kitini, macho mekundu kama pilipili. Alimnong'oneza Chapuchapu kwamba tangu waoane jini lilimfuata mumewe, na halikuwahi kuwaingia kwa sababu walikesha kwa zamu: huyu akilala, yule macho. Sasa mzee anaumwa, na yeye mwenyewe hakumbuki alifumba jicho lini.

"Mwanangu, nishikie zamu kidogo tu," alisema. "Na baba yako huyu usimchome sindano ya usingizi."

Chapuchapu akamwitikia kama mtu anavyomwitikia mtoto. Bibi akaegemea ukuta, usingizi ukamchukua papo hapo.

Haukupita muda mzee akaanza kupiga kelele na kung'oa mpira wa dripu, na Chapuchapu, aliyekuwa na haraka ya kwenda kula, hakumshika tumbo wala hakumuuliza kitu. Alivuta dawa, akachoma, kelele zikakatika, akainuka aende zake. Alikuwa mlangoni aliposikia kikohozi kimenyamaza, na ile harufu ikaja nzito mpaka machozi yakamtoka, akageuka akaona shuka la mzee likivutwa chini taratibu, kisha mkono mrefu mweusi ukipanda godoro, ukipapasa kama wa kipofu anayetafuta mlango, ukaufikia mdomo wa mzee, ukaingia, ukaendelea kuingia hadi begani, na mzee, kwa usingizi ule wa sindano, hakuweza hata kulia.

Mwalimu alipofika, mzee alikuwa amekwisha kufa. Alimbonyeza chini ya kitovu, pamekaza kama ngoma. Akamwambia Chapuchapu, mbele ya wenzake, kwamba mpira mmoja wa mkojo ungemtuliza. La ule mkono Chapuchapu hakulisema.

Bibi alipoamshwa hakutoa chozi. Alimfumba mumewe macho, kisha akamsogelea Chapuchapu.

"Sasa ni lako, mwanangu," alisema polepole. "Tafuta mtu wa kupokezana naye." Akaenda nyumbani kulala.

Chapuchapu alijikaza kwa kahawa na maji baridi, akisikia kikohozi chini ya kila kiti alichokalia, mpaka miguu ikamgomea. Akaenda kwa mama yake, mjane aliyeishi peke yake, akamweleza yote. Mama hakumcheka. Alisogeza kiti kando ya kitanda, akamwambia alale, yeye yupo macho.

Akalala kama gogo. Alipoamka, jua lilikuwa limejaa chumbani. Mama alikuwa pale pale kitini, macho wazi, akitabasamu. Chapuchapu alimshukuru.

"Mama yako alijitahidi sana," kinywa cha mama kikasema, kwa sauti ya kiume. "Amesinzia alfajiri tu."