Bakuli la Thoa

Wali ulikuwa umeliwa. Haukumwagika, wala panya hawakupita. Bakuli lilikuwa limelambwa likang'aa, na vijiti vya kulia vimelazwa juu yake kwa adabu ya mgeni aliyeshiba.

"Nani kala wali wa Thoa?" Khue aliuliza.

Wenzake wakacheka. Ilikuwa vita, na katika msitu ule wa milima ya Truong Son, ambao hata mchana wake hauna jua, kikosi kiliishi kwa muhogo na wali kiduchu, na askari anayempakulia mchumba aliye mbali alistahili kuibiwa. Thoa alikuwa kwao Thai Binh, analima mpunga na kumsubiri. Khue alimpenda mpaka watu wakamwonea haya. Kila mlo alimtengea bakuli, akamwita kama tunavyokaribishana mezani: "Thoa, karibu ule."

Mzee Buong, mpishi wa kikosi, ndiye pekee aliyekasirika.

"We mwana, una wazimu? Kumtengea asiyekuwepo na kumwita jina, hiyo ni karamu ya marehemu! Kwenu hawakukufunza?"

"Mzee, yuko hai. Nimemkumbuka tu."

"Mkumbuke moyoni! Huku kumejaa waliokufa na njaa, hawakuzikwa, hawakupewa hata uji. Unadhani atakayeitikia ni nani?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Kesho yake Khue akapakua tena.

Ikaja harufu. Kwanza ya maua ya balungi, yale Thoa aliyooshea nywele. Chini yake, kwa mbali, harufu ya nyama iliyolala kwenye tope.

"Amekuja," Khue alimnong'oneza rafiki yake Lam, uso umemng'aa.

"Kaka, Thoa hana mabawa."

"Nimemsikia akitafuna."

Lam alitaka kumtania, akashindwa, kwa sababu naye alikuwa amesikia.

Kisha wali ukaisha ghalani, na bakuli likakaa tupu. Adhuhuri ile Tuat, mchekeshaji wa kikosi, alishuka kijitoni kuosha sufuria. Walisikia sufuria ikigonga mawe, wakasikia ukelele mmoja, halafu meno. Walipomfikia tumbo lake lilikuwa wazi na tupu, limelambwa likang'aa, na mikono yake miwili imelazwa juu ya kifua kwa adabu.

Hakuna aliyecheka tena. Mzee Buong akachana shuka jeupe, akamtupia Khue kipande.

"Jifunge kichwani kama mfiwa. Fukiza ubani, useme mbele yetu kwamba Thoa amekufa, umuage. Akishaagwa, huyu anayekula kwa jina lake ataondoka."

"Nikimzika kwa kinywa changu atakufa kweli. Wewe mwenyewe ulisema huku ukiita unaitikiwa."

"Huenda akafa."

"Basi siwezi, Mzee."

"Tuat naye alikuwa na mama!" Lam alifoka, akamkaba shati. "Mama yake ulimuuliza?"

Khue alilia waziwazi. Alitaka Thoa aishi, hata kama yeye hatamwona tena. Na kila alipowatazama wenzake alijua nani atalipa.

Jini halikungoja wamalize kugombana. Mvua ilianguka, moshi wa jiko la handaki ukarudi chini, harufu ya balungi ikajaa mpaka watu wakatapika, na kutoka kwenye moshi ule akatokea msichana mwenye nywele ndefu zisizolowa, anatabasamu tabasamu la Thoa, akamshika Lam shingoni kwa mkono mmoja na kumwinua juu, wakammiminia risasi zikapita zikipasua miti, Mzee Buong akamkata bega kwa panga na panga likatoka limejaa funza, naye bila hata kugeuka akazamisha kucha katika paja la Lam, akanyofoa pande la nyama, akalitia mdomoni, akatafuna polepole huku akimtazama Khue kwa mapenzi.

"Sijashiba, mpenzi," akasema.

Khue akaokota bakuli. Akatia kipande cha muhogo kilichobaki, akasimamisha vijiti wima katikati, kama tunavyowawekea maiti, akajifunga kile kitambaa cheupe.

"Khue wa Thai Binh amekufa," alisema kwa sauti. "Khue, karibu ule."

Lam akaangushwa matopeni. Yule msichana alimrukia Khue, na yaliyofuata Mzee Buong hakuwahi kuyasimulia mpaka anaingia kaburini. Mvua ilipokatika harufu ilikuwa imekwisha. Lam, akivuja damu, aliyazika mabaki kwa mikono yake.

Vita vilipokwisha alichechemea hadi Thai Binh. Alimkuta Thoa uani, mzima wa afya, anapepeta mpunga. Lam alifurahi mno. Khue hakufa bure.

"Shemeji, mimi ni Lam. Nilikuwa kambini na Khue. Nimekuja kukwambia... nilimzika mwenyewe."

Thoa akaangua kicheko.

"Shemeji Lam! Mmepanga kunitania, eeh? Mwenzio karudi tangu mwezi wa tatu. Yuko jikoni, anakula. Anakula huyo! Bata wote kawamaliza, na mama tangu jana sijui kaenda wapi." Akaweka ungo chini, akageukia nyumba, akaita kwa furaha: "Bwana, mgeni wako huyu!"

Kule jikoni kutafuna kukakoma.