Chupa Mbili Chini ya Meza

Uvumi ulimfuata Muthoki wiki nzima, kwamba huko mtaa wa Shauri Moyo mtoto amekunywa kitu kwenye chupa ya soda akaungua koo. Hata akifagia nyumba yao ya mtaa wa Ziwani asubuhi, ulikuwa kichwani.

Siku hiyo Mwalimu Makokha aliandika maneno mawili ya Kiingereza ubaoni: potion na poison.

"Hawa ni ndugu," akasema. "Wote wametoka kwa neno moja la Kilatini, maana yake kinywaji. Leo mmoja ni kinywaji cha dawa, mwingine ni sumu."

"Sasa mwalimu," Junaid, mwanafunzi mwenzake Muthoki, akauliza, "nitajuaje nimekunywa ndugu gani?"

"Utajua ukizikwa!" mwanafunzi mwingine akadakia. Darasa likacheka. Muthoki hakucheka.

Jioni alimkuta mdogo wake Nzivo akikohoa. Mama yao, Kalekye, alikuwa bado anauza viatu sokoni Kariokor. Chini ya meza palikuwa na chupa mbili za soda, zote za kijani. Moja ilikuwa na dawa ya kikohozi ya miti shamba. Nyingine ilikuwa na maji ya kutoa madoa, yale ya kupimiwa dukani. Kwa haraka Muthoki akamimina kijiko.

Nzivo akameza kidogo, akatema. "Dada, inachoma!"

Harufu ya dawa ya kufulia ikampanda Muthoki puani. Akapiga mayowe, akamtia mtoto kidole mdomoni.

"Wewe, usimtapishe!" Mama Junaid, jirani yao, aliingia mbio. "Ikirudi itamchoma tena! Msukutue mdomo, twende kliniki. Beba hiyo chupa."

"Alijinywea mwenyewe?" muuguzi akauliza walipofika kliniki.

Ingekuwa rahisi kuitikia. "Hapana," Muthoki akasema. " Nilimpa mimi. Kijiko kimoja, akatema karibu yote."

"Vizuri umesema. Sasa najua pa kuanzia."

Kalekye alifika akihema, viatu vya kuuza vikiwa bado mkononi. Nzivo alikuwa amelala, midomo imevimba, lakini anapumua vizuri. Muthoki alingoja kofi. Hakupigwa. Akamweleza mama maneno ya mwalimu.

"Basi ndugu hao niliwalaza kitanda kimoja, mwanangu," mama akasema polepole. "Wewe uliharakisha, lakini ukasema kweli, na kweli imemsaidia mtoto. Sikia, na uwaambie wenzako:

Usitie kitu cha kufulia wala mafuta ya taa kwenye chupa ya soda.
Usiviweke karibu na dawa.
Usimpe mtoto dawa mtu mzima asipokuwepo.
Usimtapishe aliyemeza kitu kinachochoma.
Usifiche ulichompa."