Tundu la Pili

Maiti ya Mwalimu Perpetua ilikuwa ingali na pamba iliyobandikwa kwenye mkunjo wa mkono, pale alipotolewa damu. Inspekta Leodegario Sumague aliitazama kwa uchungu. Mwanamke wa miaka thelathini na minne, homa ya siku tano, basi. Mumewe, Nonoy, alisimama mlangoni na sufuria ya uji wa mchele na tangawizi. Alikuwa ameuleta asubuhi bila kujua kuwa hakuna tena wa kuunywa.

"Simziki mpaka niambiwe kilichomuua," alisema.

Uchunguzi wa maiti ulikuta vijidudu vimejaa kwenye damu. Lakini damu hiyohiyo, ilipotiwa kwenye chupa ya kuoteshea vijidudu maabara siku tatu kabla hajafa, haikuota kitu. Ndiyo maana daktari alimwachisha dawa.

Inspekta akateremka maabara.

"Usinibebeshe mzigo, Afande," alifoka fundi wa maabara, Amparo Gallego. "Mimi naotesha kinacholetwa."

"Chupa yake ipo?"

"Za wiki nzima zipo."

Inspekta aliazima kioo cha kukuzia, akainama juu ya kifuniko cha mpira.

"Sindano huchoma hapa mara ngapi?"

"Mara moja. Unaingiza damu, umemaliza."

"Hii ina matundu mawili."

Amparo akanywea. Walikagua chupa arobaini na moja. Tisa zilikuwa na tundu la pili. Zote tisa zilikuwa na sahihi ya nesi mmoja, na hakuna hata moja iliyoota kitu.

"Pima kilichomo."

Saa nane mchana jibu lilikuja: antibiotiki kali, dawa ya kuua vijidudu.

Sista Filomena Tupas, mkuu wa wodi, alikuwa amesimama karibu na ubao. Kila mwezi hospitali ilibandika hapo majina ya manesi na idadi ya sampuli walizochafua, ili kila mtu ajirekebishe. Jina lake lilikuwa la kwanza, na sifuri, na nyota ya dhahabu.

"Hongera, Sista. Hebu nitilie sahihi hapa."

Kalamu ilitetemeka hadi ikachana karatasi.

"Mikono inatetemeka tangu lini?"

"Tangu Pasaka." Aliificha mikono chini ya aproni. "Mshipa unanipotea. Nikishasafisha ngozi, kidole kinarudi chenyewe kuutafuta. Nusu ya manesi wa hapa nimewafundisha mimi, Afande. Ukishasafisha, usiguse! Leo jina langu lisomwe pale bila sifuri?"

"Mficha maradhi kilio humfichua, Sista. Ungemwachia mwingine."

"Perpetua alikataa! Mimi ni mama yake wa ubatizo. Alisema mkono wangu hauumi."

"Ukatia dawa kwenye chupa."

"Matone mawili tu. Nilijua nimegusa mshipa. Nikajua kitakachoota ni uchafu wa kidole changu."

"Na kama si wa kidole chako?"

Machozi yalimtiririka Sista, wala hakuyafuta.

Inspekta aliacha pingu mfukoni, akamshika kiwiko. Mtu huyu alimtia hasira na huruma kwa pamoja. Walipofika mwisho wa ukumbi, Nonoy alinyanyuka kwenye benchi. Alikuwa bado hajaambiwa. Aliona tu mama wa ubatizo wa mkewe analia.

"Mama, umekula?" aliuliza, akifunua sufuria. "Uji umepoa, lakini kunywa. Mwanao hakuuwahi."