Kamba ya Jenerali

"Mama, Jenerali ni mzee, hata meno hana. Geti alilifunguaje?" Elvire alimuuliza mama mkwe wake hivyo, kwa simu kutoka Houston. Mama mkwe huyo, Capitoline, rafiki yangu wa Grand Prairie, akawaka: "Nimesema ametoroka! Unaniita mwongo, mwanangu?"

Na kweli alidanganya. Elvire alimwachia mbwa kumi na mmoja, wale wa kuvuta mizigo kwenye theluji, aliowaokoa walipotupwa na wenyewe. Siku wanajumuiya walipokuja kusali rozari, Capitoline akaona aibu, maana Jenerali, yule mbwa mzee aliyekuwa kiongozi wao, ananuka na analia. Akamfungia gereji, na joto hili la Agosti. Watu wakaimba, wakala, yeye akasahau. Alimkuta amekufa, akamzika nyuma ya nyumba, kimya kimya.

Jana akaingia gereji kuchukua mchele, mbwa wakamfuata. Taa ikagoma kuwaka. Gizani akasikia kucha zikikwaruza sakafu, halafu kimya, halafu pumzi tu, hah, hah, hah. Akamulika kwa simu. Mbwa kumi wamejipanga wawili wawili kama wanaovuta mzigo, mbele yao nafasi ya mmoja, tupu. Na pale kwenye nafasi, kamba ya kifuani ya Jenerali imesimama hewani, imekazwa, inatetemeka.

Capitoline hawezi kupiga simu kwa aibu. Wewe kesho unaenda Houston, basi mfikishie Elvire: Jenerali hakutoroka. Na umwambie ile kamba mpaka leo haijalegea.