Whisky Ilikuwa ya Ursule

— Haraka, amegeuka!

Ursule alisukuma sucré yake, soda nyekundu, upande wa pili wa meza, na Jephté akamsogezea glasi ya whisky. Ilikuwa hivyo kila Ijumaa jioni katika nganda moja, baa ndogo ya mtaa wa Mangobo. Chimène, mhudumu, aliweka whisky mbele ya mwanamume na sucré mbele ya mwanamke bila kuuliza. Akiwapa mgongo tu, wao walibadilishana.

— Bila glaçon? Jephté aliuliza, akisogeza bakuli la barafu, ingawa jibu alilijua.

— Glaçon inaua harufu. Coca inaua yote. Whisky inataka uiache peke yake, kama mutu mwenye iko na mawazo.

— Miye nasikiaka tu alcool ya sindano.

— Ju unameza kama dawa. Iache ikae kwa ulimi. Kwanza inachoma. Kisha inakuja kama asali. Mwisho, moshi kidogo, kama samaki ya kukausha.

— Unaiongea vizuri kuliko unaniongea miye.

— Weye hukulala miaka kumi na mbili mu pipa.

Jephté alicheka mpaka sucré ikamtoka puani. Alikuwa fundi wa friji, mtu mpole asiyependa pombe tangu alipoionja mara ya kwanza. Hakuwa na sababu kubwa. Haikumpendeza, basi. Ursule aliipenda, na hakuwa na sababu kubwa pia.

Lakini Jumapili ilikuwa inakaribia, na Jephté aliacha kucheka.

— Dimanche papa yako atanipa kilauri.

Ursule alijua. Papa Michel, baba yake, alikuwa mvuvi wa kwenye maporomoko, na nyumbani kwake mkwe alipokelewa kwa namna moja tu. Baba anaonja whisky, anamkabidhi kijana kilauri, glasi ileile, kijana anaimaliza. Glasi ikirudi tupu, maneno yamekwisha, posa imekubaliwa.

— Meza mara moja, Ursule alisema.

— Nitatapika kwa viatu vyake.

— Basi mwambie haukunywaka.

— Ataniuliza: na ile whisky ya kila Vendredi, nani anakunywa? Unafikiri Chimène haiko na mdomo?

Ursule akashika mkono wake.

— Usinitaje, Jephté. Papa akijua, ataniona mwanamke wa nganda. Haitaniangalia tena. Niahidi.

Akaahidi.

Jumapili, Jephté alifika kuposa na shangazi yake, tantine Gertrude, mama wa maombi, aliyebeba chupa ya whisky ya posa ndani ya kitenge kana kwamba ni mtoto mgonjwa. Upande wa Ursule walikuwepo papa Michel na mdogo wake, tonton Sylvain. Mama yake Ursule alikuwa amefariki zamani.

Chupa ilifunguliwa. Tonton Sylvain alijimiminia, akajaza coca na glaçon juu.

— Sylvain, papa Michel akasema, ile ni whisky ama ni sikukuu ya kuzaliwa ya batoto?

— Kaka, na weye unayetia maji ya moto? Ile ni whisky ama ni chai?

Watu walicheka. Papa Michel akamimina, akaongeza maji ya moto kidogo kutoka kwenye thermos, akaonja, akafumba macho. Kisha akajaza glasi na kumpa Jephté kwa mikono miwili.

— Kunywa, mwanangu. Ukimaliza, hii nyumba ni yako.

Jephté alisimama. Harufu ilimpanda kichwani. Ndipo akakumbuka kwao Isangi, ambako kijana wa heshima huwamwagia kinywaji wazee waliotangulia kufa. Aliona amepata njia ya kutokea.

— Papa, kwetu tunaanzaka na wazee wenye walienda.

Akamwaga glasi nzima chini.

Whisky ikazama mchangani. Kisha tonton Sylvain akaruka kutoka kwenye kiti.

— Weye! Unafanya nini?

— Naheshimu wazee, tonton.

— Wazee gani? Hapa kwetu kilauri nzima inamwangwa ju ya mutu mwenye alikufa mu maji! Umemuzika kaka yangu, na yeye iko amekaa hapa anakuangalia!

— Bwana Yesu! tantine Gertrude akashika kichwa.

— Sikujua, tonton. Kwetu...

— Kwenu nini? Ni ulevi! Whisky imekumaliza akili. Chimène mwenyewe aliniambia: kila Vendredi, weye na kilauri yako!

Papa Michel aliinua mkono, Sylvain akanyamaza. Sauti ya mzee ilikuwa ya chini.

— Ni kweli, mwanangu? Kila Vendredi?

Jephté alimtazama Ursule. Ursule alikuwa anatazama miguu yake. Neno moja lake lingetosha. Halikuja.

— Ndiyo, papa, Jephté akajibu.

— Mukwe wa kunywa na miye, nilimutaka. Mulevi, apana. Chukueni chupa yenu.

Kesho yake asubuhi simu ya Ursule ililia. Ujumbe: "Nimetimiza ahadi. Sasa uniache nipumzike."

Akapiga. Alipiga tena. Mwishowe Jephté akapokea.

— Jephté, nisamehe.

— Jana jioni tantine alinisimamisha mbele ya kanisa. Wananiombea pepo ya pombe initoke. Miye, Ursule! Pasteur alinishika kichwa mpaka shingo inaniuma.

Ursule alitaka kucheka na kulia pamoja.

— Niliogopa.

— Najua. Papa yako, simukasirikii. Tonton pia, simukasirikii, alisema yenye alisikia. Lakini weye ulikuwa pale. Ulinisikia nasema "ndiyo", ukaniacha nayo.

— Nifanye nini sasa?

— Sijui. Niko naenda Bengamisa, kuna frigo za mapadri. Nitakaa kule kidogo.

Akakata.

Wiki nzima Ursule alipika, akafua na kwenda sokoni. Jumapili baada ya misa alimkuta baba yake nyuma ya nyumba, kama kawaida yake, na chupa, thermos na glasi moja. Ursule akaingia ndani, akarudi na glasi nyingine. Akakaa.

— Ile ni ya nani? papa Michel akauliza.

— Ya kwangu, papa.

Akamimina kidogo. Hakutia maji. Akaiweka kwenye ulimi, akangoja, akameza polepole. Papa Michel alimtazama kama mtu anayemwona samaki asiyemjua kwenye mtego wake.

— Nani alikufundisha?

— Weye. Nilipooshaga kilauri yako, kulibakiaka tone chini. Siku moja nikaonja. Nikapenda.

— Na Jephté?

— Jephté haijamalizaka hata kijiko. Whisky ya Vendredi ilikuwa yangu, papa. Yeye anakunywaka sucré. Alimwanga ile kilauri ju tumbo yake inakataa, akanyamaza ju nilimwomba.

Mzee aliweka glasi yake chini. Ursule alingoja afukuzwe.

— Tulimuita mulevi, na ukanyamaza.

— Ndiyo, papa.

— Ile ndiyo mbaya. Whisky haiko mbaya. Ile, mwanangu, ndiyo mbaya.

Machozi yakamtoka Ursule. Hakuyafuta.

— Unajua ju ya nini nilitaka mukwe wa kunywa na miye? Mama yako, kabla ya kufa, alinicheka: "Michel, unaongeaka na chupa." Nilichoka kuongea na chupa. Kumbe iko mutu mu nyumba, iko anaosha kilauri yangu.

Akasukuma thermos.

— Tia maji.

— Ya moto inakimbiza harufu, papa.

— Nani alisema?

— Pua yangu.

— Pua yako ilizaliwa jana. Onja!

Ursule akaonja ya baba yake. Akakunja uso. Papa Michel akaonja ya binti yake, akakohoa, akasema hiyo ni dawa ya kuua panya. Wakabishana mpaka jua likahama. Kisha mzee akatoa simu yake mfukoni.

— Allô, Jephté? Ni Michel. Ulinizika, na sijafa. Kuja unifufue.

Upande wa pili frigo ya mapadri ilikuwa inanguruma.

— Papa... miye sinywaka.

— Nimesikia. Iko mwenye anakunywa hapa, ananitosha. Miye na Sylvain tulikuita mulevi bure. Utusamehe. Kuja na ile weye unapenda.

— Asante, papa. Nipe Ursule.

Ursule alishika simu kwa mikono miwili.

— Ulisema yote?

— Yote.

— Mbele ya tonton na tantine?

— Bado. Nitasema. Ukitaka, na mbele ya kanisa.

— Kanisa, apana. Watakuvunja shingo.

Ursule akamsikia anacheka, na akajua anarudi.

Familia zikakutana tena. Kabla chupa haijafunguliwa, Ursule alisimama katikati.

— Tonton, tantine, musikilize. Jephté haiko mulevi. Miye ndiyo nilikuwa nakunywa ile whisky, kilauri moja kila Vendredi, bila coca. Niliona haya, nikamwacha abebe aibu yangu. Namuomba pardon mbele yenu.

Tonton Sylvain akaenda kumkumbatia Jephté. Papa Michel akatangaza kwamba katika nyumba yake mkwe atapokelewa kwa kile anachokipenda, na sucré nyekundu ikafunguliwa.

Tantine Gertrude peke yake hakutulia. Alimvuta Jephté pembeni, ila sauti yake haikujua kunong'ona.

— Mwanangu, fikiria vizuri. Utawezana na muke mwenye anakunywa whisky?

Jephté alimtazama Ursule, ambaye alikuwa bado amesimama.

— Nitawezana, tantine. Tukitoka arusi, miye ndiyo nitaendesha gari.